Kiti Hunyanyuliwa

Mishomoroni, Mombasa
14 Aprili 2024

Kwako ndugu yangu Kitsao,

Natumai mmeamka salama wewe na Winfred na watoto, na kwamba baridi ya Nakuru haijawagandisha. Huku tu wazima. Baba anakula, analala, anasali na kugombana na redio yake. Mvua imeanza kwa fujo, njia ya kwetu imegeuka mto, na yule jogoo uliyekuwa ukimwulizia aliliwa siku ya Pasaka, kwa hivyo usimwulizie tena. Nisalimie sana Kadenge mdogo. Nilimwonyesha Baba picha yake kwenye simu, akaitazama, akasema wajina wake amenenepa vizuri. Sijui alimwona nani, maana mtoto wako ni mwembamba kama ufito.

Baada ya salamu, nakuandikia kwa sababu Baba ameagiza hivyo. Siku ya Pasaka uliponipigia kelele kwenye simu nami nikakupigia zangu, majirani walitoka nje wakidhani tumefiwa. Baba alininyang'anya simu. Akasema mambo ya nyumba yake kuanzia leo yatakwenda kwa karatasi, kwa kuwa mtu akishika kalamu hutulia, na simu tubaki nayo kwa ugonjwa na kifo. Basi mimi nimetulia. Sijui wewe.

Ulisema umeiona sakafu ya sebuleni kwenye picha za Pasaka na imekwaruzwa kama uwanja wa kuku. Ukasema kama nimeshindwa kuitunza sakafu nitaweza vipi kumtunza mzee, na kwamba Desemba utakuja kumchukua akaishi kwako, nyumba ipangishwe. Alama zipo, sikatai. Zimeanzia mlango wa chumba cha Baba, zinapita kando ya meza, zinaelekea mlango wa mbele, nyeupe juu ya ule wekundu wa saruji. Zinaniuma kuliko zinavyokuuma wewe, maana ni mimi ninayepiga magoti kila Jumamosi na kumbi la nazi kuing'arisha. Sakafu hii ndiyo ya mwisho Baba kuimwaga kwa mikono yake, baada ya kuwamwagia watu wote wa Kisauni na mahoteli ya Shelly Beach. Unadhani mimi nimesahau? Tumelelewa sote kwa neno moja humu ndani: kiti hunyanyuliwa.

Nadhani ni kina mama wa kanisa. Alhamisi wanakuja kuomba, wanavua viatu mlangoni vizuri kabisa, kisha wanaburuta viti kama wanalima. Nimekwisha kuchukua hatua. Nimekata patipati kuukuu, zile ndala za mpira za watoto wa mpangaji wetu, nikazipigilia misumari chini ya miguu ya viti vyote. Mwezi ujao hutaona alama mpya hata moja.

Kuhusu Baba kuhama, yeye mwenyewe amesema hatoki humu. Nami nasema hatoki. Tafadhali niambie utakuja lini kututembelea, si kuja kuchukua mtu. Mwaka wa tatu huu.

Ni mimi dada yako,
Florence


Nakuru
5 Mei 2024

Dada yangu Florence,

Shikamoo. Barua imefika, nimeisoma nikacheka, nikakasirika, nikacheka tena. Hapa wote hatujambo. Winfred amepata cherehani mpya na nyumba nzima imejaa vipande vya vitambaa. Kadenge mdogo anamsalimu tsawe, babu yake. Anauliza kama jogoo alikuwa mtamu.

Sasa Dada, patipati na misumari? Mimi nauza fanicha mwaka wa kumi na mbili, na ungeniuliza kabla hujashika nyundo ningekuzuia. Mpira huliwa taratibu kila kiti kinaposogea. Ukiisha kuliwa, kichwa cha msumari hutokeza, na hapo kiti kinakuwa kalamu ya chuma. Isitoshe ule mpira mweusi huacha weusi wake kwenye polishi. Ng'oa zote leo, kabla hujaimaliza barua hii.

Nimekutumia kifurushi kwa basi. Ndani kuna viraka vya kitambaa kizito kama blanketi, vina gundi upande mmoja. Hivyo ndivyo tunavyowauzia wateja wetu wenye nyumba za sakafu za mbao, nao hawarudi kulalamika. Geuza kiti, paka mguu msasa kidogo, ufute vumbi, uache ukauke, ndipo ubandike. Usibandike juu ya mafuta ya nazi, nakujua. Anza na vitu vizito, kabati na makochi na meza, kisha viti. Halafu utafute zulia la makuti au la katani uliweke nje ya mlango, maana adui wa sakafu nyekundu ni mchanga. Huko kwetu mchanga huingia hata kwenye chai. Chembe moja ikinasa chini ya mguu wa kiti inakata kuliko msumari wako.

Nimekuandikia kwa wema, lakini neno langu la Pasaka halijabadilika. Mzee wa umri wake anahitaji nyumba inayotunzwa na mtu wa kumwangalia asubuhi na jioni, na wewe una duka lako. Chumba chake hapa kiko tayari, kina dirisha la mashariki, na Winfred amekwisha kushona mapazia. Nikija Desemba nikakuta sakafu iko vile vile, tutajua nyumba imekushinda. Barua hii mpe Baba aisome mwenyewe.

Nduguyo,
Kitsao


Mishomoroni
9 Juni 2024

Kwako Kitsao,

Salamu nyingi kutoka kwa wote, pamoja na Mwanatabu wa jirani ambaye bado anakuita "yule mtoto wa pua". Mvua imepungua. Nimepata mafua, nimepona. Baba hajambo, ila miwani yake imevunjika mkono na iko kwa fundi, kwa hivyo barua yako nilimsomea mimi baada ya chakula cha mchana. Nilimsomea habari za cherehani, jogoo, viraka na mchanga. Sehemu ya mapazia niliiruka. Ukitaka kumwambia mapazia, njoo umwambie.

Kifurushi kilifika kizima. Ulisema kweli kuhusu misumari na nimekubali, usinilazimishe kukubali mara mbili. Nimeng'oa patipati zote, nimebandika viraka vyako kila mguu wa kila kitu, hadi stuli ya kuwekea redio. Zulia la makuti liko mlangoni. Kabati ambalo lilikuwa halisogei bila vijana wawili sasa nalisukuma peke yangu kwa nyonga, nafagia nyuma yake, nalirudisha. Kwa hilo nakushukuru kwa moyo mweupe.

Viti navyo vimenyamaza. Kina mama walikuja Alhamisi, wakakaa, wakasimama, kimya kama wanatembea kwenye pamba. Mimi nilifurahi. Baba hakufurahi hata kidogo. Alisema nyumba imekuwa kama imefiwa, watu wanamtokea tu ubavuni kama majini. Mwanatabu alipomsalimia kwa karibu alishtuka akamwaga chai. Nilimwambia atazoea.

Jambo moja linanitatiza na nakuuliza wewe mwenye elimu ya viraka. Kiti cha Baba, kile cha mvule cha zamani, hakikai na viraka. Nabandika leo, kesho kutwa mguu uko wazi. Nilipaka msasa, nilifuta, nilikausha juani. Nimewashuku panya. Nimemshuku paka wa Mwanatabu. Baba anasema gundi ya siku hizi haina heshima. Na zile alama hazijapungua, zinazidi kuchimbika pale pale zilipokuwa.

Hukunijibu utakuja lini kututembelea.

Dada yako,
Florence


Nakuru
30 Juni 2024

Dada Florence,

Shikamoo. Huku ni baridi, mahindi yamefika kiunoni, watoto wako shuleni. Mimi nimepewa kusimamia duka la pili, kwa hivyo siku zangu za mapumziko zimekuwa chache. Nadhani hilo linajibu swali lako.

Panya hawali gundi hiyo, na paka hana haja nayo. Kuna mtu anavibandua. Angalia watoto wa mpangaji, wale uliowakatia patipati. Nimekutumia vikofia vya mpira vya kuvisha miguu ya viti, vinaingia kwa nguvu na mtoto hawezi kuvitoa. Kwa kiti cha Baba, bandika kiraka kipya kwanza ukisubiri vikofia. Chukua gundi ya fundi viatu, usitegemee ile ya kiraka.

Kuhusu alama zenyewe, nimefikiria sana na nimeamua. Sakafu iliyokwisha kuchimbika haiponi kwa kumbi la nazi. Kuna fundi wa Changamwe anaitwa Dishon, ana mashine ya kusaga sakafu. Anasaga juu kidogo tu, mikwaruzo yote inaondoka, kisha anapaka upya, inarudi kama siku Baba alipoimwaga. Nitapatana naye aje kabla ya Desemba. Nikifika nataka kuiona inang'aa, na hapo tutazungumza vizuri juu ya Baba. Pengine sakafu ikiwa nzuri hata wapangaji wazuri watapatikana.

Mwambie Baba nina mpango mzuri na sakafu yake. Atafurahi.

Kitsao


Nakuru
25 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Nimengoja barua hadi nimechoka. Vikofia vilifika? Dishon nimekwisha kuzungumza naye, anataka kujua sebule ina ukubwa gani. Winfred anasema niheshimu agizo la Baba nisipige simu, lakini nilipiga mara mbili wiki jana na hukushika. Kama umenikasirikia sema. Kama kuna jambo lingine sema pia.

Baba yuko vipi?

Kitsao


Mishomoroni
8 Septemba 2024

Kwako Kitsao,

Salamu. Sote tunaendelea vizuri. Mwanatabu amepata mjukuu. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na kazi nyingi.

Baba aliteleza kidogo mwezi wa saba. Mkono ulivimba ukashuka, anautumia, anakula mwenyewe. Nilitaka kukupigia, yeye akasema kuteleza si ugonjwa wala si kifo, kwa hivyo simu haihusiki. Nilimtii.

Vikofia vimefika na vinafaa sana kwa viti vya wageni, havitelezi. Kiti cha Baba sikukivisha kitu na sitakivisha. Usiniulize kwa nini kwa sasa. Na usimtume huyo fundi wa mashine. Sakafu iacheni.

Florence


Nakuru
29 Septemba 2024

Dada Florence,

Shikamoo. Salamu za hapa utazipata barua nyingine, leo sina salamu.

Baba anaanguka mwezi wa saba, mimi najua mwezi wa tisa, na unaniandikia "aliteleza kidogo" katikati ya mjukuu wa Mwanatabu na vikofia. Aliteleza wapi? Kwa nini? Kwenye sakafu ile ile unayoniambia niiache? Unakataa fundi, unakataa viraka, unakataa mashine. Mtu akisoma barua zako kuanzia Aprili ataona mwanamke anayejua kila kitu isipokuwa kilicho mbele yake.

Uamuzi ni huu. Dishon anakuja wiki ya mwisho ya Oktoba, nimekwisha kupatana naye na hatarudi nyuma. Atasaga sebule yote na ujia wa kwenda chooni. Mimi nitakuja Desemba na gari, na Baba ataondoka nami. Si adhabu kwako. Umefanya kazi kubwa tangu Mama atutoke, nami sijawahi kukushukuru ipasavyo. Lakini mzee anayeanguka kwenye nyumba yake mwenyewe hawezi kuachwa humo.

Kitsao


Mishomoroni
3 Novemba 2024

Kwako ndugu yangu Kitsao,

Nakusalimu kwa utulivu, na leo salamu ni za kweli. Baba hajambo. Mimi sijambo. Amekaa hapa karibu nami wakati naandika, na safari hii kila neno nitakalokuandikia nitamsomea, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana.

Baba haoni, Kitsao. Jicho la kulia limekwisha kabisa. La kushoto linaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akisimama mbele yake. Daktari anasema ni presha ya macho, ilianza taratibu miaka mingi nyuma, na tutakachoweza ni kuulinda huo mwanga uliobaki kwa dawa ya matone. Ile miwani haikuwa kwa fundi. Ilikuwa kwenye droo, nzima, haina kazi. Picha ya Kadenge aliyosema amenenepa aliisifu kwa kubahatisha.

Niligundua alipoanguka. Nilikuwa nimebandika viraka kwenye kiti chake kwa gundi ya fundi viatu kama ulivyoagiza, na vikashika. Kumbe Baba kwa muda mrefu, mimi nikiwa dukani, alikuwa hatembei kwa miguu yake tu. Alikuwa anakisukuma kile kiti mbele yake na kukiegemea, kutoka chumbani hadi mezani, kutoka mezani hadi mlangoni na hadi chooni, kisha anarudi nacho. Miguu ya kiti hicho imechakaa na vichwa vya misumari yake ya zamani vimetokeza, na ndivyo vilivyokuwa vikiandika sakafuni. Viraka alikuwa akivibandua mwenyewe. Nimevikuta vyote ndani ya foronya yake alipokuwa hospitali. Siku hiyo hakuweza kuvibandua. Aliegemea kiti kama kawaida, kiti kikamkimbia, naye akaangukia mkono.

Nililia, nakuambia bila haya. Nimekuwa nikiwashuku kina mama wa kanisa, watoto wa watu na paka asiye na hatia, na mtu aliyekuwa anaikwaruza sakafu ya Baba ni Baba. Yeye aliyetufinya masikio kwa ajili ya kuburuta kiti.

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kuwa siku ya Pasaka alikusikia kwenye simu, sauti yako ilikuwa ikitoka hadi uani, ukisema mzee asiyeweza kujiangalia hana budi kuhamishwa. Akaamua ajiangalie. Nami nilipojua, niliogopa neno hilo hilo. Ndiyo maana nikakuandikia habari za mjukuu wa Mwanatabu. Nilikuwa natafuta namna ya kumbakisha.

Sasa nikwambie ya fundi wako. Dishon alikuja Jumanne na mashine yake kwenye mkokoteni, kijana mpole, aliamkia vizuri. Nilimwambia angoje kwanza. Akasema sawa, lakini alikwisha kutandaza waya. Baba akauliza ni nini. Dishon akamweleza kwa heshima kwamba ametumwa na mwanawe kuzisaga alama zote ziondoke, sakafu iwe laini kama kioo.

Baba alisimama. Nilidhani atafoka, hakufoka. Alimwambia, "Mwanangu, simama popote upendapo humu ndani, usiseme neno, unitazame tu." Akaenda hadi mlango wa chumba chake bila kiti, bila fimbo, mkono mmoja ukutani. Pale akauachia ukuta. Akaweka unyayo wake wa kulia juu ya mkwaruzo, akaupapasa kwa kidole gumba cha mguu, akaanza kutembea. Hakwenda kwa kusita, Kitsao. Alikwenda kama alivyokuwa akienda kazini. Kando ya meza mkwaruzo unapinda, naye akapinda. Akafika mlango wa mbele, akagusa komeo, akageuka, akafuata ule mwingine unaokwenda chooni, akarudi, akaketi kitini kwake. Mimi nimepita juu ya alama hizo kila siku na kumbi langu nikizilaani, na sikujua kama ni njia.

Akasema, "Hayo ndiyo macho yangu. Ukiyasaga leo, kesho nitakuwa mgeni nyumbani kwangu."

Dishon alivuta waya, akaukunja, akapakia mashine yake. Nilimwekea mahamri na chai, akala akanywa. Aliniambia atakueleza mwenyewe, lakini nimeona nikuwahi.

Baba amenieleza pia habari ya kelele. Zamani kila mtu akiketi humu kiti chake kilikuwa kikisema. Mwanatabu huvuta mara mbili, mimi husukuma kwa goti, mchungaji huburuta na kukohoa. Kwa masikio hayo alikuwa anajua nani amekaa wapi na wapi pana nafasi ya kupita. Nilipovivisha viti vyote viatu vyako vya blanketi, nilimzima na masikio.

Kwa hivyo nimeipanga nyumba upya na naomba usinifundishe. Kabati, makochi na meza vimebaki na viraka, kwa kuwa nikivisogeza kufagia navirudisha pale pale, na Baba anavijua vilipo. Viti vya wageni nimevivua vikofia nyuma nikaviacha miguu ya mbele, hivyo vinalia vikivutwa lakini havikimbii vikiegemewa. Zulia la makuti liko nje na nafagia mchanga mara mbili, maana njia ya Baba lazima iwe safi aisikie kwa unyayo. Kiti chake kiko vile vile, na misumari yake. Mistari yenyewe siing'arishi. Nimenunua fimbo nyeupe kwa Phineas, yule fundi wa karakana ya Bombolulu anayetembea kwa magongo. Baba anaitumia uani. Ndani ameitundika nyuma ya mlango na kusema huku hahitaji kuongozwa.

Anasema nikuandikie maneno haya kama yalivyo: "Sakafu niliimwaga mimi, na kuikwaruza nimeikwaruza mimi. Huko Nakuru sijui hata ukuta mmoja ulipo. Kitsao akitaka kujua naishi vipi, aje aone."

Mimi sina la kuongeza. Ukija na gari, litarudi na nazi.

Dada yako,
Florence


Nakuru
24 Novemba 2024

Dada yangu Florence,

Shikamoo, na umpe Baba shikamoo yake kabla hujamsomea zaidi.

Sote tu wazima. Winfred alilia nilipomsomea barua yako, kisha akaenda akayashusha yale mapazia na kuingiza cherehani kwenye kile chumba. Hakuniuliza. Kadenge amekuwa akitembea sebuleni macho amefumba tangu jana, amejigonga kwenye stuli mara nyingi, anasema anajifunza kuwa tsawe.

Dishon alinipigia. Sikumwacha amalize, nikamwambia amefanya vizuri.

Uliniuliza Aprili nitakuja lini, na Juni ukaniuliza tena, nami nikakupa habari za duka la pili. Duka halikunizuia. Baba kwenye simu sauti yake ni ile ile, na nilitaka abaki na sauti hiyo. Niliogopa kufika nikamkuta amezeeka. Nikaona afadhali niikasirikie sakafu. Kumbe wewe ulikuwa unamwona akizeeka kila siku, ukampikia, ukampangia nyumba, na mimi nikakutumia viraka. Nakushukuru, Dada. Nilipaswa kuanza na hilo.

Baba hahami. Tunakuja tarehe ishirini Desemba sisi wote, tutakaa hadi mwaka mpya. Nimenunua matone ya macho ya miezi mitatu kama alivyoandika daktari.

Mwambie Baba hivi. Siku hiyo asitoke kutupokea, akae kitini kwake. Nitavua viatu nje, nitakung'uta mchanga kwenye zulia la makuti. Halafu nitachukua kiti cha barazani, kile kizito cha mbao kinachokaa nje bila viraka wala vikofia, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sitakinyanyua. Nitakiburuta juu ya sakafu yake kutoka mlangoni hadi ubavuni pake, taratibu, ili asikie nimefika na ajue nimekaa wapi.

Mwanawe,
Kitsao